Jicho la Mzee Yeremia

Beda alikuwa na miaka ishirini na mitano alipoanza kuumwa goti. Alikuwa mpishi kwenye hoteli moja ya Mikumi, kando ya barabara kuu, pale mabasi ya Iringa na Mbeya yanaposimama dakika kumi na abiria wanakula harakaharaka. Ni kazi ya kusimama tangu alfajiri, kwa hiyo mwanzoni hakuna aliyeshangaa. Alichua kwa dawa, akafunga bandeji, akaendelea kukaanga chipsi. Baada ya miezi miwili uvimbe ulikuwa mkubwa kiasi kwamba suruali ya kazi haikupita. Mchumba wake, Magreti, aliyekuwa akiuza mafuta kwenye kituo cha petroli cha jirani, ndiye aliyemwambia, "Kesho huendi jikoni. Kesho ni hospitali."

Kilosa walimpiga picha ya mguu, wakampa barua ya Dar es Salaam. Dar es Salaam wakamkata kipande kidogo cha nyama wakakipima, na siku ya kumi na mbili, Jumanne asubuhi, daktari akamwambia kuwa ni saratani ya mfupa. Angeanza dripu za dawa kali Jumatatu inayofuata, kisha mguu ungekatwa juu ya goti, kisha dripu tena. Beda alisikia neno "kukatwa", na mengine yakampita. Lakini daktari alikuwa bado anamtazama usoni.

"Hilo jicho la kushoto ni la bandia?"

"Ndiyo. Nilitolewa nikiwa na miaka miwili. Lilikuwa na uvimbe ndani."

Daktari akaweka kalamu chini. "Kabla hujaondoka leo, nataka uzungumze na mwenzangu mmoja."

Mwenzake huyo alikuwa mama wa makamo mwenye ushungi wa kijivu, aliyeitwa Yusrah. Kazi yake ilikuwa kukaa na vijana wenye saratani kabla matibabu hayajaanza, na kuzungumza nao mambo mawili ambayo hakuna anayetaka kuyasikia siku kama hiyo, yaani uzazi na magonjwa ya kurithi. Alianza na uzazi.

"Dawa utakazopewa zinaua chembe za saratani, lakini zinaweza pia kuua uwezo wako wa kuzaa. Wengine hupona wakazaa, wengine hawazai tena. Hatuwezi kujua wewe utakuwa upande gani. Ipo kliniki hapa mjini inayohifadhi mbegu za kiume kwenye baridi kali, hata kwa miaka mingi. Ila ufike kabla ya dripu ya kwanza. Una siku sita."

Beda alitazama sakafu. Hakuwahi kusikia mwanamke wa umri wa mama yake akitamka maneno hayo kwa sauti ya kawaida namna ile.

"Sasa niambie habari za nyumbani," Yusrah akasema, akavuta karatasi. Mwanamume alimchora kwa kisanduku, mwanamke kwa duara, aliyefariki akampiga mstari. "Mko wangapi?"

"Kwa mama nimebaki mimi. Walikuwepo wawili kabla yangu. Samwel, na mwingine mdogo. Walikufa wadogo, macho yalivimba. Mimi mama alinikimbiza hospitali mapema."

"Na mama yupo?"

"Yupo Chanzuru, kwa kaka yake. Aliachwa." Akasita kidogo. "Ukoo wa baba walisema yeye ndiye ana nuksi, anazaa watoto wa macho. Baba akaoa tena, mke huyo naye sasa ni marehemu. Huko nina mdogo wangu, Loveth, mzima kabisa. Ana mtoto wa miezi mitano."

"Na baba, macho yake?"

"Baba ana jicho moja. Lakini yeye alichomwa na mwiba wa mkonge. Kwetu ni Kimamba, babu alikuja kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge."

Kalamu ya Yusrah ilisimama. "Alichomwa akiwa na umri gani?"

Beda hakujua. Katika maisha yake yote hakuwahi kuuliza.

Yusrah akamweleza polepole. Uvimbe wa jicho utotoni na saratani ya mfupa ujanani vinaweza kutoka kwenye kasoro moja, kasoro ndogo kwenye vinasaba, ambayo mzazi humpa mtoto bila yeye mwenyewe kujua. Wengine huibeba wasiugue kamwe. Kwa kila mtoto atakayezaliwa, uwezekano wa kuirithi ni nusu kwa nusu. Damu yake ingechukuliwa ikapimwe, lakini majibu yangechukua wiki kadhaa.

"Kama imetoka kwa mama yako, Loveth hahusiki, wala mtoto wake. Kama imetoka kwa baba yako, huyo mtoto anatakiwa aangaliwe macho wiki hii. Ikionekana mapema, jicho linaokolewa. Kwa hiyo nenda ukamuulize baba."

"Na mimi?" Beda akauliza. "Unaniambia nikahifadhi mbegu. Nihifadhi nini, mama? Nihifadhi ugonjwa?"

Yusrah akaisogeza karatasi kando.

"Kuhifadhi si kuzaa," akasema. "Unajipa muda tu wa kuamua ukiwa na nguvu. Leo huna nguvu, na mimi sitaki uamue leo. Na mtoto wako, kama utampata, hatazaliwa kama ulivyozaliwa wewe. Ataangaliwa tangu wiki ya kwanza. Una mchumba?"

"Ninaye."

"Anajua?"

"Hajui lolote."

"Basi huna mazungumzo na mtu mmoja tu."

Jumatano akapanda treni ya umeme hadi Kilosa, na kutoka hapo bodaboda hadi Kimamba, magongo aliyopewa hospitali yakiwa yamefungwa ubavuni mwa pikipiki. Baba yake, Mzee Yeremia, alikuwa barazani akitengeneza baiskeli kama kila siku, kichwa kimeinama upande wa jicho zima.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mbona umerudi? Wamesema nini?"

Beda akamwambia. Mzee akasikiliza hadi mwisho. Aliposikia habari ya mguu, aliufuta mkono wake kwa kitambaa cha grisi, akaendelea kuufuta hata ulipokuwa umeshatakata.

"Baba, nina swali wameniagiza nikuulize. Jicho lako. Ulikuwa na miaka mingapi?"

"Si nimewaambia siku zote? Ni mwiba wa mkonge."

"Miaka mingapi?"

"Mdogo."

"Mdogo kiasi cha kwenda shambani?"

"Mama alikuwa ananibeba mgongoni kwenda shambani." Akaokota spana, akaanza kukaza nati ambayo ilikuwa imeshakazwa. "Hayo yanahusu nini na goti lako?"

"Yanamhusu Bryson."

Bryson ndiye mtoto wa Loveth. Mzee akageuka mzima mzima ili amwone mwanawe kwa jicho lake moja. "Bryson ana nini?"

"Labda hana kitu. Lakini kama jicho lako halikuchomwa na mwiba, mtoto apelekwe akaangaliwe kabla jicho lake halijaanza kuvimba. Likishavimba wataling'oa, kama langu. Au atazikwa kama wale wengine."

Wakati huo Loveth alikuwa amesikia sauti ya kaka yake, akatoka uani na mtoto begani, anacheka, kisha akaona magongo na kicheko kikamwisha. Mzee Yeremia hakumpa nafasi ya kuuliza. Akanyoosha mikono akampokea mtoto. Akamgeuza uso kuelekea mwangaza wa nje, akayatazama macho yake, moja halafu jingine. Mtoto akamshika ndevu. Mzee akaendelea kutazama mpaka Loveth akamchukua mwanawe.

"Mpeleke," mzee akasema.

"Nimpeleke wapi, baba?"

"Hospitali ya macho. Kaka yako atakuelekeza. Kajiandae."

Loveth alipoingia ndani, mzee akaketi kwenye kigoda.

"Hakukuwa na mwiba," akasema.

Beda akamgeukia.

"Siku ulipotoka kufanyiwa operesheni, bibi yako aliniita chumbani. Akaniambia, 'Lako nalo lilikuwa hivyo hivyo. Lilikuwa linang'aa katikati kama jicho la paka. Wamisheni wakalitoa. Mwiba tuliusema ili watu wasituseme.' Akaniambia yaishie pale pale."

"Na mama aliondoka lini?"

"Mwaka uleule. Baada ya mavuno ya mahindi."

"Kwa hiyo ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua." Akakikunja kitambaa cha grisi. "Baba yako mkubwa alikaa na wazee wakasema huyu mwanamke arudi kwao. Mimi nilikuwa nimekaa palepale kwenye mkeka. Nilisema leo nitasema, nitasema. Sikusema."

Beda alitaka kuinuka aondoke, asimwone tena mtu huyu. Lakini goti halikumruhusu, na magongo yalikuwa yameegemezwa ukutani, mbali na mkono wake. Ilimbidi amwombe baba huyohuyo amsogezee.

"Kesho asubuhi tunakwenda Chanzuru," alisema alipokwisha kusimama. "Utamwambia mwenyewe."

Mama yake, Odilia, alikuwa uani kwa kaka yake, akipepeta mchele, pikipiki mbili zilipoingia. Alimwona mwanawe kwanza. Alikuja mbio, akamshika usoni, akamshika mabega, akalitazama goti bila kuligusa. Ndipo akamwona mtu wa nyuma. Mzee Yeremia hakuwahi kukanyaga uwanja ule kwa miaka ishirini na mitatu.

"Karibuni," akasema, kwa sababu ndivyo mtu anavyosema.

"Mama Samwel," mzee akaanza. Alikuwa bado anamwita kwa jina la mtoto wao wa kwanza. Akakataa kiti. Aliyasema yote akiwa amesimama, kofia mkononi, bila kupamba na bila kujitetea, mambo ya jicho, ya bibi, ya mkeka. Alipofika mwisho akabaki amesimama hivyo hivyo.

Odilia alikuwa bado na ungo. Akauweka chini.

"Unajua mlinifanya nini?" akauliza. Hakupaza sauti. "Kuachwa si kitu, wanawake wanaachwa kila siku. Mlinifanya niogope kumshika mwanangu. Likizo zote alizokuja hapa, nilikuwa namlaza kwa mjomba wake. Nikimpikia, nasema wifi ampakulie yeye. Niliamini kweli ni mikono yangu."

Beda alikumbuka likizo hizo. Alikuwa akidhani mama yake hampendi sana. Miaka yote hiyo alikuwa amejifunza kuishi na wazo hilo, na sasa hakujua aliweke wapi.

Ili kufanya jambo lolote lile, Beda akatoa mfukoni nakala ya karatasi ya Yusrah, akamwonyesha mama yake jinsi watu wote walivyochorwa, yeye hapa, baba pale, na vile visanduku viwili vyenye mistari.

"Huyu ni nani?" Odilia akauliza, kidole kwenye kisanduku cha pili.

"Yule aliyemfuata Samwel."

"Huyu hakuwa mvulana. Alikuwa msichana. Anaitwa Joyce. Alikuwa ameanza kutembea." Akamtazama mzee Yeremia. "Hukumwambia hata jina?"

Mzee akainamisha kichwa. Odilia akaomba kalamu. Hakuna aliyekuwa nayo, akaingia ndani akarudi na kalamu ya mtoto wa shule, akachora duara juu ya kisanduku, akaandika jina kwa herufi kubwa za mtu asiyeandika mara kwa mara. Kisha akamwambia Beda akae kwenye kivuli, akampakulia chakula kwa mikono yake mwenyewe.

Alasiri ile Magreti alishuka kutoka Mikumi, wakakutana stesheni ya Kilosa. Loveth alikuwa ametangulia kwenda Dar na mtoto. Beda na Magreti walikaa kwenye viti vya kusubiria treni, na Beda akamweleza kila kitu, mguu, mbegu, nusu kwa nusu. Akamalizia na maneno aliyoyaandaa tangu Jumanne.

"Barua ya posa inaweza kurudishwa. Wazazi wako wataelewa. Mimi sitakulaumu."

"Usinijibie," Magreti akasema.

"Nasema tu kwamba…"

"Unasema kwa niaba yangu. Nyamaza kidogo."

Magreti aligeukia reli. Alikuwa mtu wa kucheka sana, na bila kicheko uso wake ulikuwa mgeni kidogo.

"Unataka niseme siogopi? Naogopa. Naogopa mguu wako, naogopa hizo dripu. Na habari ya kuzaa mtoto nikawa namtazama machoni kila asubuhi, hiyo sijui kama naiweza. Sijui kabisa. Lakini nimekuja na begi, nimeshaaga kazini, nakwenda Dar na wewe. Nisichotaka ni wewe kuamua peke yako halafu uje unipe taarifa."

"Kwa hiyo mbegu?"

"Kahifadhi. Nikija kukataa, nikatae kitu ambacho kipo."

Ijumaa akaenda kliniki. Ilikuwa chumba kidogo chenye kiti cha plastiki na feni, na Beda alijisikia aibu kuliko siku yoyote ya ugonjwa wake. Alipotoka, kijana wa maabara alipokea kichupa bila kumtazama machoni zaidi ya ilivyohitajika, akamsomea jina na tarehe ya kuzaliwa vilivyoandikwa kwenye lebo, akamwomba athibitishe. Beda akathibitisha. Magreti alikuwa nje anamsubiri na maji baridi.

Siku hiyohiyo, upande mwingine wa jiji, daktari wa macho alimlaza Bryson usingizi kwa dawa, akamwangalia. Jicho la kulia lilikuwa salama. La kushoto lilikuwa na doa moja ndani, kwa nyuma, dogo kuliko punje ya mtama. Doa hilo walilichoma kwa mwanga mkali, na mwezi uliofuata tena. Jicho lilibaki, na linaona. Loveth humpeleka kila baada ya wiki kadhaa, na ataendelea hivyo mpaka mtoto aanze shule.

Majibu ya damu ya Beda yalipokuja, yalisema kile ambacho wote walikuwa wameshakijua.

Matibabu yake yalichukua karibu mwaka. Mguu ulikatwa mwezi wa tatu wa dripu. Kuna wiki alizotapika mpaka akamwomba Magreti aende tu Mikumi amwache. Magreti akaenda kweli, siku mbili, akalala, akarudi. Picha za mwisho za mapafu na mifupa zilikuwa safi. Daktari hakusema amepona. Alisema arudi baada ya miezi mitatu, kisha mitatu mingine. Beda akarudi jikoni na mguu wa bandia na stuli ndefu, akawa anapika amekaa.

Mzee Yeremia alikwenda Chanzuru mara mbili kumwomba Odilia arudi nyumbani. Mara zote mbili alipewa kiti na maji ya kunywa, na jibu likawa hapana. Mara ya pili Odilia akamwambia, "Uliponyamaza ulinyamaza mbele ya watu. Mimi nilichambuliwa kwenye kikao. Msamaha wako unaniletea uani, hakuna anayesikia."

Kwa hiyo kikao cha harusi ya Beda na Magreti kilipoitwa Kimamba, mzee alimtumia Odilia ujumbe kwamba aje. Alikuja, akakaa nyuma na wanawake. Baba mkubwa Makarius, yuleyule wa zamani, sasa mzee wa kutembelea fimbo, alifungua mazungumzo kwa kuuliza habari za michango na turubai. Yeremia akasimama.

"Kabla ya turubai, kaka. Nina neno."

Akasema. Safari hii lilikuwa refu zaidi, kwa sababu kila mara Makarius alimkatiza, mara ya kwanza akisema mambo ya wafu yaachwe, mara ya pili akisema hapa si mahali pake. Yeremia alimsubiri amalize, kisha akaendelea palepale alipoishia. Ugonjwa ulikuwa wake, alisema. Ulitoka kwake ukaenda kwa Samwel, kwa Joyce, kwa Beda, kwa mjukuu wake Bryson. Mama Samwel hakuleta kitu katika nyumba hii isipokuwa watoto, na mmoja wao yupo hai kwa sababu yake. "Nilijua tangu mwaka ule. Nimemsingizia kwa kunyamaza. Nataka mlisikie kwangu, na mkaliseme kote mlikosema kuwa nuksi ni yake."

Watu wakainamisha vichwa. Shangazi mmoja alilia. Makarius aliitazama fimbo yake, hakuomba radhi, ila hakubisha tena. Baadaye kidogo mtu fulani akarudi kwenye habari ya turubai, kwa kuwa ilibidi harusi ipangwe.

Odilia alikaa mpaka kikao kikafungwa. Kisha akavaa kandambili zake, akawaaga wanawake mmoja mmoja, akamwomba Magreti amsindikize hadi barabarani.

Walitembea taratibu. Karibu na njia ya reli Odilia akauliza, "Zile mbegu za hospitali bado zipo?"

"Zipo, mama. Wiki iliyopita walipiga simu kuuliza kama waendelee kuzitunza. Tukasema waendelee."

"Mmeamua?"

"Bado." Magreti akasita. "Watu wameshaanza kuuliza, na harusi yenyewe haijafika."

"Wataendelea kuuliza. Sina la kukushauri, mwanangu. Mimi ningejua mapema, sijui ningefanya nini. Samwel ningemtaka tu." Akakunja kanga begani. "Mkiamua ndiyo, niiteni niwepo siku ya kumwangalia macho. Mkiamua hapana, nitakuja vilevile, tutakula."

Bodaboda ikasimama. Odilia alipanda kiupande, akashika kiti kwa nyuma, akamwambia dereva aende polepole kwenye mashimo. Magreti alibaki kando ya barabara mpaka vumbi likatulia, kisha akageuka kurudi kwa Beda.